Mwalimu wa Nguo za Maganda

Mvua ya Gisenyi huja na upepo wa ziwani, na upepo huo hauna adabu na miavuli. Asubuhi baada ya mvua kubwa utaiona imetupwa kando ya barabara, vyuma vimejikunja, kitambaa kimegeuka ndani nje, na wenyewe wameshakwenda zao. Mwalimu wetu aliiokota. Alitoka kwake mtaani Nengo mapema, kikapu begani, na akifika darasani kikapu kimejaa: miavuli, gunia la viazi lililochanika, mpira wa ndani wa baiskeli, karatasi za mifuko ya saruji alizoomba kwa mafundi waliokuwa wakijenga karibu na ziwa. Alivimwaga vyote mezani, akakung'uta mikono, akasema kwa sauti ya mtu aliyetandika hariri, "Haya, jamani. Leo tuna kazi."

Jina lake silitaji. Mjini aliitwa Mwalimu tu. Walimu ni wengi Gisenyi, lakini mama muuza mkate akikwambia Mwalimu amepita sasa hivi, hukuuliza yupi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, aliyetufundisha ushonaji na ubunifu wa mavazi katika chuo kidogo cha ufundi chenye vyerehani vilivyotuzidi umri. Nilikuwa mwanafunzi wake, na baadaye, nilipofungua chumba changu cha kushonea karibu na soko, alizoea kupita kuangalia kama bado nashika pini kwa meno. Aliichukia tabia hiyo kuliko mshono mbovu. "Siku ukipiga chafya," alisema, "mimi sitakwenda nawe hospitali."

Alikuwa amekulia Kigoma, akarudi Rwanda akiwa msichana mkubwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Chetu sisi tulikuwa tumekiokota sokoni na Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kwa shangazi na wajomba. Nyumbani tulisema Kinyarwanda. Siku yangu ya kwanza darasani nilisimama nikasema, "Mwalimu, mukasi haiko."

"Mkasi haupo," alisema bila kuinua macho.

"Haiko, Mwalimu. Nimetafuta kila fasi."

"Mkasi haupo. Sema hivyo."

Nikasema mkasi haupo. Akautoa mfukoni mwa aproni yake akanipa. Nusu ya Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata kwa njia hiyo, kitu kimoja kimoja kutoka mfukoni mwake. Ila kitu kikimgusa kweli, Kiswahili cha Kigoma kilimpotea kabisa. Alipitisha vidole juu ya kazi yako, akasema chini chini kwa Kinyarwanda, "Ni byiza." Ni nzuri. Hilo tu. Katika miaka yote ya chuo mimi nililipata mara chache sana, na kila mara nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Watu wasiomjua walidhani ni mtu wa kanuni. Alikuwa nazo, lakini nyingi zilikuwa zetu sisi, si zake. Alitukataza kutupa hata kipande cha uzi, naye aliacha chai nusu kikombe kila mahali alipokaa, dirishani, juu ya kabati, kwenye ngazi, mpaka mwanafunzi wa zamu akawa na kazi ya kuvikusanya vikombe vya Mwalimu kabla nzi hawajavikuta. Alitufundisha subira, lakini yeye mwenyewe hakuweza kungoja. Kwenye harusi chakula kikichelewa aliinuka, akampa bibi harusi mkono, akaenda kula kwake. Na kubwa kuliko yote, mwalimu wetu wa ushonaji hakupenda cherehani. Alijua kukitengeneza kikiharibika, alijua kutuonyesha, lakini kazi yake mwenyewe aliishona kwa mkono. "Kinakimbia," alisema. "Mimi bado nafikiri, chenyewe kimeshafika pindoni."

Kuna kisa cha sokoni ambacho alikisimulia yeye mwenyewe, akicheka kimya kimya mabega yakitikisika. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa ndiyo kwanza apate meza ya nyanya, alimwona akiinama kuokota maganda na kamba chini ya meza za wenzake. Akamhurumia. Akachagua nyanya nzuri, akamfungia kwenye jani, akamwekea kikapuni na kumwambia, "Mama, uende upike. Mungu iko." Mwalimu angeweza kumweleza. Hakumweleza. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na tangu siku hiyo hakununua nyanya kwa mtu mwingine. Alipoulizwa mbona hakusema ukweli, alishangaa. "Nimwaibishe mtu aliyenipa chakula?"

*

Kila mwaka wanafunzi wa mwisho walitakiwa kutengeneza vazi moja lisilo la kitambaa cha dukani. Ungeweza kutumia chochote, isipokuwa mifuko ya plastiki, maana hiyo imepigwa marufuku nchini, hata kuvuka nayo mpaka ni matatizo. Nguo zikikamilika zilikwenda kukaa dirishani kwa Haji.

Haji alikuwa na duka la vitambaa kwenye barabara inayoelekea Grande Barrière, kivuko kikuu cha mpakani, na duka hilo lilikuwa na dirisha la kioo kubwa, refu kutoka chini hadi juu, ambalo kila mtu aendaye Goma au atokaye Goma kwa njia hiyo lazima alipite. Sisi tuliliita vitrini. Mwalimu alisema dirisha la maonyesho. Haji mwenyewe alisema kioo changu. Namna Mwalimu alivyompata mfanyabiashara wa vitambaa akubali kuweka magunia mbele ya duka lake, sikuwepo kuiona, lakini nimeambiwa alimwambia hivi: "Haji, hariri kila mtu ameiona. Watu wakisimama kutazama gunia, wataingia ndani kupumzisha macho." Ikawa hivyo kweli. Walisimama, wakacheka, wakabishana kama lile ni gunia la viazi au la maharage, kisha wakaingia.

Lakini Haji alikuwa na mipaka yake. Mwaka uliotutangulia kijana mmoja alitengeneza koti la vifuniko vya chupa, maelfu yake, vimetobolewa na kuunganishwa kwa waya mwembamba, likilia kama mvua ndogo ukilitikisa. Haji aliinama karibu, akasoma. "Mwalimu, hizi ni pombe."

"Ni vifuniko, Haji."

"Vimeandikwa pombe. Mimi nina msikiti hapo juu, nina wajukuu. Haiingii."

Mwalimu hakubishana. Alilirudisha koti chuoni, akaketi na yule kijana, wakageuza kifuniko kimoja kimoja ili maandishi yaangalie ndani na upande wa fedha uangalie nje. Lilikuwa zuri zaidi ya mwanzo. Haji aliliweka katikati, na siku zote za maonyesho alisimama kando yake akiwaeleza wateja ufundi wa kutoboa bati.

Kanuni moja Mwalimu hakuilegeza kwa mtu yeyote. Nguo ya dirishani ilibidi ivaliwe kwanza na aliyeitengeneza, naye aende nayo kwa miguu kutoka chuoni mpaka dukani. "Kama haitembei, siyo nguo," alisema. Tulikufa kwa aibu. Vijana wa pikipiki walipiga honi, watoto walitufuata, na Mwalimu alitembea upande wa pili wa barabara kama mtu asiyetujua, maana yeye kutazamwa hakukupenda hata kidogo. Lakini ukichungulia ulimwona macho yake yako magotini mwako, kiunoni, makwapani, akitafuta mahali nguo inapovuta. Siku ya zamu yangu nilikuwa nimevaa koti la miavuli, na mvua ikatukuta katikati ya njia. Wenzangu wa mifuko ya saruji waliharibikiwa vibaya. Mimi nilifika mkavu. Mwalimu, aliyelowa chapa chapa, alipitisha mkono juu ya bega langu akaona maji yanateleza tu. Hiyo ilikuwa mojawapo ya siku zangu za ni byiza.

*

Sasa niseme habari ya Furaha.

Furaha alikuwa wa Goma. Alivuka kila asubuhi na kitambulisho chake na mkoba wa nguo, akarudi jioni. Alikuwa rafiki yangu, msichana mrefu, mnene kidogo, mwenye sauti nzito, ambaye hakuwahi kukubali kusema haupo. Siku ya kuchagua vifaa alisimama akasema, "Bon, Mwalimu. Mi nataka kufanya robe ya maganda ya kitunguu."

Darasa likalicheka gauni hilo. Mtu mmoja akasema itanuka.

"Itanuka kidogo," Furaha alisema. "Kiisha itaacha."

"Na ikivunjika?" Mwalimu aliuliza. "Ganda la kitunguu ukiligusa linapasuka."

"Nitatafuta namna."

"Basi tafuta."

Mama yangu aliuza vitunguu sokoni, vya wakulima wa Busasamana, kwa hiyo maganda yalipitia kwetu. Mama aliyakusanya akitikisa kichwa, akaniuliza kama huko Goma sasa watu wanakula maganda. Furaha alihangaika nayo wiki nyingi. Mwishowe aliyalainisha kwa mvuke wa birika, akayabandika kwa uji mwepesi wa muhogo juu ya kitambaa chepesi cha chandarua kilichokwisha kazi, akayakata kama magamba ya samaki, na kuyashona safu kwa safu kuanzia pindoni kwenda juu. Yalikuwa ya rangi ya dhahabu, mengine ya zambarau, na ukipita karibu nayo yalinong'ona. Mwalimu alikuwa akiacha chai yake karibu na meza ya Furaha kuliko mahali pengine popote, na kutokana na hilo tulijua kazi ile imemgusa.

Alikuwa amefika kiunoni siku alipoweka sindano kwenye mto wake wa pini na kuniambia, "Kesho tunaanza kifua." Kisha ugonjwa wa korona ukafika, na mpaka ukafungwa.

Chuo nacho kilifungwa, kama kila kitu. Lakini chuo kilikuja kufunguliwa tena. Mpaka, kwa watu wa kuvuka na mkoba wa nguo, haukufunguliwa. Tulirudi darasani na barakoa zetu, tukakuta kazi zetu kama tulivyoziacha, na gauni la Furaha liko juu ya mdoli wake wa kushonea, sketi imekamilika, na kutoka kiunoni kwenda juu hamna kitu ila chandarua, chaki na pini.

Ulipofika wakati wa kupeleka nguo kwa Haji, baadhi yetu tulikwenda kwa Mwalimu. Mimi nilikuwa msemaji. Nilijua mchoro wa Furaha, nilijua uji wake wa muhogo, na maganda yalikuwa kwa mama. Nikasema tungependa kumalizia gauni la mwenzetu, ili naye awepo.

Mwalimu alikunja tepu yake ya kupimia kidoleni. "Furaha amekufa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ana mikono?"

"Anayo."

"Basi mwacheni alimalize mwenyewe."

Lakini hakuliacha chuoni. Alilibeba yeye mwenyewe mpaka kwa Haji, likiwa na pini zake, akaliweka katikati ya dirisha, mbele ya kazi zetu zote zilizokamilika.

Haji alitoka nje, akatazama, akarudi ndani. "Mwalimu, mdoli huyu nusu yake yuko uchi."

Kwa hilo alikuwa na haki, na Mwalimu alikiri. Alitoa kanga kwenye kikapu chake, akaufunika mdoli mabegani kama mtu anayemsitiri binti yake. Wiki ile wateja watatu waliuliza bei ya ile kanga. Haji akaacha kulalamika kwa muda.

Gauni likakaa pale. Kazi zetu sisi ziliondolewa baada ya maonyesho, kila mtu akachukua yake, ila lile halikuondoka. Watu walilizoea. Walipeana ahadi za kukutana mbele ya gauni la vitunguu. Jua la asubuhi liliingia moja kwa moja, na polepole ile dhahabu ikaanza kufifia ikawa rangi ya chai ya rangi iliyoongezwa maji. Magamba mengine yalidondoka. Siku moja nilimkuta Mwalimu ndani ya dirisha, amepiga magoti nyuma ya mdoli, akishona.

Haji alikuwa amesimama juu yake. "Si ulisema asiguse mtu?"

"Sijamalizia. Narudisha yaliyoanguka."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja, Haji," alisema, na sindano haikusimama.

Furaha na mimi tulizungumza kwa simu. Mambo yao hayakuwa mazuri. Baba yake, aliyekuwa akisafirisha mizigo ya wafanyabiashara kati ya pande mbili, hakuwa na kazi, na Furaha na mama yake walikuwa wakikaanga mandazi kuuza mlangoni. Siku moja aliniomba nimwonyeshe gauni. Nikaenda mbele ya duka, nikapiga simu ya video, nikaielekeza kwenye kioo.

"Sioni robe," alisema. "Minaona tu wewe na ma moto."

Kioo kilikuwa kikirudisha barabara yote, mimi na pikipiki zilizopita. Nikasogea, nikaikinga simu kwa mkono, nikaibandika karibu. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Iko inapoteza rangi," alisema.

"Ni jua."

"Umwambie Mwalimu atoe. Batu wanaiangalia kila siku na mi sijue kama nitarudi. Inanipatisha haya."

Nilipeleka ujumbe kama ulivyo. Mwalimu alinisikiliza akiwa ameinamia pasi. Kisha akasema, "Mwambie dirisha si langu, ni la Haji. Na Haji hajaniambia nilitoe."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Haji alikuwa amemwambia kila Ijumaa. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akitufukuza darasani kwa kudanganya tarehe ya kazi. Nikampelekea Furaha uongo ule neno kwa neno, akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumsikia akicheka.

Haji alikuja chuoni mwenyewe, amevaa kofia yake ya sala na koti, kama mtu aendaye kutoa posa. Sote tulikuwemo darasani. "Mwalimu, nimevumilia," alisema. "Watu wananiuliza kama nimefilisika, naweka nguo nusu dirishani. Huyu msichana ni nani kwako?"

"Ni mwanafunzi wangu."

"Unao wengi."

Mwalimu alikaa. Hakuzoea kukaa akizungumza na mtu aliyesimama. "Nilipokuwa msichana Kigoma," alisema, "nilikuwa nikijifunza kwa mama mmoja jirani. Nilianza gauni langu la kwanza, la Idi. Tukahama ghafla, likabaki. Baadaye nikasikia mtoto wake amelimalizia, na amelivaa, na limempendeza. Sikumlaumu. Lakini mpaka leo nikiwa sina usingizi nalishona lile gauni kichwani, na kila mara nafika mikononi nakwama, kwa sababu sijui ningefanyaje." Akanyoosha sketi yake magotini. "Nimeshona nguo nyingi tangu hapo, Haji. Ile haikuisha."

Hakuna aliyeinua uso. Haji alivua kofia, akaivaa tena. "Basi angalau nikinge kioo na jua," alisema, akatoka. Na kweli aliweka pazia jepesi, akawa analivuta mwenyewe kila asubuhi jua likipanda.

*

Mpaka ulipofunguliwa, Furaha hakuja chuoni kwanza. Alikwenda dukani. Haji alimkuta amesimama mbele ya kioo, mkoba wa nguo begani, barakoa kidevuni.

"Haji, hiyo robe ni yangu," alimwambia.

Haji aliniambia kwamba alimfungulia mlango tu, kisha akanipigia simu. Nilimfuata Mwalimu, tukaja karibu tukikimbia. Furaha alikuwa amekonda. Uso wake ulikuwa umejichonga, na lile shati lake la zamani lilimning'inia. Nilimkumbatia. Mwalimu hakumkumbatia. Alisimama mbali kidogo, akampima kwa macho kutoka bega hadi nyonga.

"Umepungua."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kiuno tutakiingiza ndani."

Furaha akaanza kulia, na Mwalimu akamgeuza taratibu kwa bega, akaanza kupima kiuno.

Furaha hakutaka kulipeleka gauni chuoni. Alisema akilitoa pale litavunjika, na labda na yeye atavunjika. Kwa hiyo Haji aliingiza kiti dirishani, na Furaha akalimalizia mle ndani, mchana kweupe, barabara nzima ikitazama. Wanawake wa mizigo walitua vikapu vyao. Vijana wa pikipiki walisimama wakatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mama yangu alileta maganda mapya, safari hii bila kuuliza nani anayala. Yalikuwa yanang'aa, na yalipoanza kupanda kifuani juu ya yale yaliyofifia, ilionekana kama gauni la watu wawili. Nikamwambia Furaha tuchovye yale ya chini rangi kidogo yafanane.

"Acha," alisema. "Njo hivyo iko." Ndivyo lilivyo, basi tukayaacha.

Mwalimu alipitisha vidole pale kiunoni, penye mpaka wa rangi mbili. Akasema lile neno lake la Kinyarwanda, kisha akaenda kutafuta chai.

Ikabaki kanuni ya kutembea. Gauni lilikuwa tayari dukani, kwa hiyo hapakuwa na safari ya kutoka chuoni. Mwalimu alifikiri. "Mama yako yuko wapi?" alimwuliza Furaha.

"Ananingoja kule ngambo."

"Basi nenda umwonyeshe."

Tulimsindikiza mpaka Grande Barrière, Haji, mimi, nusu ya darasa, na watoto. Furaha alitembea katikati ya barabara kichwa juu, maganda yakinong'ona, na safari hii Mwalimu alitembea pamoja naye, sako kwa bako, akishika pindo lisiburuze vumbi. Pale penye ukaguzi afisa mmoja kijana alimsimamisha. Alizunguka gauni, akalinusa kwa adabu.

"Hivi ni vitunguu," alisema. "Hii ni bidhaa ya shamba, au ni nguo?"

"Ni nguo," Mwalimu alisema. "Si unaona mtu yuko ndani yake?"

Afisa alitazama uso wa Furaha, akatutazama sisi, akaona hapa hata akishinda atakuwa ameshindwa. Akasogea kando. Tukabaki upande wetu tukitazama lile gauni la rangi mbili likienda, likizidi kuwa dogo kati ya mizigo na watu, mpaka mwanamke mmoja upande wa pili akaweka ndoo yake chini na kuanza kulijia kwa haraka.

Haji alisema, "Kioo changu sasa kiko tupu."

"Mwakani," Mwalimu alimjibu. Alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio, na alitukazia uso tusimtazame.

*

Sijasema yeye mwenyewe alivaaje, na ni kwa kuwa hapakuwa na la kusema. Sketi nyeusi, blauzi ya kijivu, mtandio wa rangi moja. Tulizoea kusema kwamba rangi zote alitugawia sisi.

Mwaka jana, mchana mmoja, alikuja chumbani kwangu. Alikuwa ameshaacha kufundisha. Alikaa kwenye kiti cha wateja, ambacho hakuwahi kukikalia, akaniambia ana kazi ya kunipa.

"Nguo ya nani, Mwalimu?"

"Yangu."

Alikuwa anasafiri alfajiri ya kesho yake kwenda Kigoma kwa mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki kule walipohama. Atakaa mwezi mmoja, alisema. Mimi nilikwisha kusikia kwa majirani wa Nengo kwamba amegawa sufuria zake na kitanda. Sikumwuliza.

"Hatujaonana tangu usichana," alisema. "Atakuja stendi na watoto wake kunipokea. Sitaki wanione kama nimetoka kazini."

"Nikushonee kwa kitu gani?"

"Kitambaa. Cha dukani, kizuri."

"Cha rangi gani?"

Alitazama mafungu yangu ukutani, moja baada ya jingine, kisha akayafumba macho. "Chagua wewe. Mimi nimechoka kuchagua."

Nikampima. Alinyoosha mikono kama tulivyokuwa tukinyoosha sisi mbele yake. Sikujua kwamba alikuwa mdogo kiasi kile. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, nikaandika bila kusema.

"Umeliona bega," alisema.

"Nimeliona."

"Lifiche."

Nilichagua kijani, kile cha mashamba ya chai asubuhi mvua ikiacha, chenye uzi mwembamba wa manjano ndani yake. Nilikata nikiwa na hofu ambayo sikuwa nayo hata siku ya mtihani. Nilitegemea atasimama nyuma yangu akosoe. Badala yake alisinzia. Alilala palepale kitini, mikono mapajani, mdomo wazi kidogo, na pindo nililishona kwa mkono ili cherehani kisimwamshe.

Jua lilipokuwa linateremka kuelekea ziwani alizinduka, akaichukua nguo, akaenda nyuma ya pazia. Alikawia. Alipotoka alisimama mbele ya kioo. Akageuka ubavu, akageuka tena. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na vikapu vyao walisimama mlangoni, wakamtazama, naye hakuwafukuza wala hakujificha.

"Vipi?" aliniuliza, na bado alikuwa akijitazama kwenye kioo.

"Umependeza, Mwalimu."

Akashika ukingo wa meza.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena.